Kasi Iko Chini: Mwongozo wa Kunoa Vitako vya Futiboli ya Umeme

Washa uwanja wa futiboli ya umeme uliotoka kwenye boksi leo, na wachezaji wako kumi na mmoja watakwenda kila upande isipokuwa ule uliowaelekeza. Mmoja atajizungusha papo hapo. Wawili watashikana na kutoka nje ya mstari wakiwa pamoja. Yule uliyempa mpira atapinda taratibu na kurudi kwenye goli lake mwenyewe. Watoto wengi wa Kimarekani waliopewa mchezo huu wakati wa Krismasi miaka ya 1960 na 1970 waliishia hapo, wakausukuma chini ya kitanda. Waliong'ang'ana waligundua kwamba sanamu zile zenye rangi za timu ni abiria tu, na kwamba anayekimbia ni kile kitako cha plastiki zilichosimamia.

Nachukulia kwamba uwanja unao tayari, uwe umeuokota kwenye duka la mitumba huko Marekani au umeletewa na ndugu, na kwamba futiboli ya Kimarekani unaifahamu kiasi cha kumtofautisha mpokeaji na mtu wa mstari wa mbele. Unachotafuta sasa ni mchezaji anayekimbia kweli. Msimamo wangu niuseme mapema: kitako chenye kasi huchaguliwa kwanza, ndipo hurekebishwa. Anayeanza na plaizi mkononi huharibu vitako ambavyo tayari vilikuwa vizuri, na hatajua kamwe kwamba vilikuwa vizuri.

Kinachomsukuma mchezaji

Mchezo huu uliingia sokoni mwaka 1949, ukitengenezwa na kampuni ya Tudor Metal Products ya New York. Aliyeubuni ni Norman Sas, mhandisi aliyesoma MIT, na wazo alilichukua kwenye mchezo mwingine wa kampuni hiyohiyo, mashindano ya magari madogo juu ya bati linalotikisika. Geuza uwanja wako kifudifudi uone siri yake: koili ya waya na kipande cha chuma kilichoshikamana na bati, basi. Umeme wa Marekani hubadili mwelekeo kwa hezi 60, na sumaku ya koili hukivuta kile chuma mara mbili katika kila mzunguko. Bati hutikisika mara 120 kwa sekunde, na huo ndio mngurumo unaousikia.

Sasa kigeuze kitako. Vijiguu vyake havikusimama wima. Ncha zimelala kidogo kuelekea nyuma. Bati likipanda, kijiguu hubanwa, hujikunja, na kwa kujikunja huko hukisukuma kitako mbele. Bati likishuka, uzito hupungua kwenye ncha, kijiguu hujinyoosha na ncha yake huteleza mbele kidogo, tayari kwa msukumo unaofuata. Kila hatua ni ndogo mno huwezi kuiona, lakini ni hatua nyingi katika kila sekunde. Ukikata kichwa cha mswaki wa zamani na kukiweka juu ya simu inayotikisika, utaona kitu kilekile kikitokea.

Kwa hiyo kasi inategemea mambo matatu: ulalo wa vijiguu, wepesi wa kujikunja kwake, na kama ncha zote zinaligusa bati kwa pamoja. Ukisikia mbinu yoyote ya kuongeza kasi, jiulize inagusa lipi kati ya hayo. Isiyogusa hata moja ni porojo.

Vitako vya mwanzo havikuwa na usukani. Katika miaka ya 1970 Tudor walileta aina ya TTC, yenye kigurudumu kidogo chini yake. Ukikizungusha, mchezaji hupinda kulia au kushoto kwa kadiri unavyotaka. Maelezo yaliyo hapa chini yanafaa kwa aina zote mbili. Kwa TTC kuna sharti moja la ziada: kabla ya kupima chochote, kigurudumu kielekezwe mbele kabisa, na kisilegee. Kigurudumu kinachojizungusha chenyewe wakati wa mtikisiko hufanya kila kipimo kiwe kazi bure.

Uwanja kwanza

Hakuna kitako kitakachokwenda vizuri juu ya bati lililoinama. Weka pima maji katikati ya uwanja, kwa urefu kisha kwa upana, na ukunje vipande vya karatasi chini ya miguu yake mpaka utulie. Kaza skrubu zilizolegea, maana bati linalogongagonga fremu hupoteza nguvu kwa kelele. Futa vumbi na mafuta ya vidole kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha kausha. Wapo wanaopaka nta ya kung'arishia fanicha ili wachezaji wateleze. Mimi sipaki: kijiguu kinahitaji kukamata kidogo ili kisukume, na bati linaloteleza mno huwafanya wateleze papo hapo.

Kila bati lina sehemu zake zenye uhai na zake zilizokufa, kwa sababu halitikisiki sawasawa kila mahali. Chukua kitako kimoja unachokiamini, kipitishe kwenye njia kadhaa kutoka goli hadi goli, utaona mahali kinapokimbia na mahali kinaposinzia. Chagua njia moja iliyo sawa zaidi na uifanye njia yako ya kupimia daima. Halafu rekebisha nguvu ya mtikisiko. Usiifungulie mpaka mwisho. Mtikisiko mkali huwarusha wachezaji juu, na mchezaji aliye hewani hasukumi chochote. Punguza mpaka waache kurukaruka, kisha weka alama ya kalamu kwenye kirekebishio ili kila siku upimie palepale.

Hapa yafaa niseme na msomaji wa Afrika Mashariki peke yake. Uwanja wa zamani uliotengenezwa kwa soko la Marekani unataka volti 120. Ukiuchomeka kwenye soketi ya Dar es Salaam au Nairobi, yenye volti 230 au 240, koili itaungua kabla hujapanga wachezaji. Tumia transfoma ya kushusha, na ukipata ya volti 100 au 110 badala ya 120, chukua hiyo, kwa sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii: transfoma hushusha volti lakini haigusi hezi. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo bati litatikisika mara 100 kwa sekunde badala ya 120, na kwa volti zilezile koili itavuta umeme mwingi zaidi na kupata moto. Izime kila baada ya muda ipoe. Matokeo yake kwa kasi ni makubwa. Kitako kilichonolewa Chicago kikatumwa Mombasa si kitako kilekile tena, maana kijiguu kilichozoea mdundo mmoja sasa kinapigiwa mwingine. Vinoe vitako vyako hapohapo utakapochezea. Ndugu aliyeko Saudi Arabia ana nafuu ya ajabu: umeme wa huko ni hezi 60 kama wa Marekani, ingawa volti zake bado zinahitaji kushushwa.

Kuchagua

Vitako hutoka kwenye kalibu moja na bado havifanani. Plastiki hupoa kwa namna tofauti, mabaki hubaki kwenye ncha, kijiguu kimoja huinama zaidi katika pakiti wakati wa safari. Kwa mwindaji wa kasi, kutofautiana huko ni neema.

Vipe vitako vyote namba kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa juu, mbali na vijiguu. Chukua sanamu moja tu na uihamishe kutoka kitako kimoja hadi kingine, ili uzito usibadilike. Kila kitako kikimbie njia yako ya kupimia mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, maana kukimbia pande zote mbili huondoa kosa la mwinamo mdogo ambao pima maji haikuuona. Saa ya simu inatosha. Andika muda, na pembeni yake andika kama kilikwenda sawa, kilipinda, au kiliyumba. Kupinda na kuyumba si ugonjwa mmoja: kinachopinda hufuata mkunjo uleule kila mara na kinaweza kurekebishwa, lakini kinachoyumba huenda hivi leo na vile kesho, na mara nyingi kina ncha isiyogusa vizuri.

Ukimaliza utakuwa na mafungu. Vitako vichache vitakuwa na kasi na kwenda sawa bila kuguswa. Hivyo viweke kando, usiviguse hata kwa kidole. Vya fungu la kati ndivyo vya kufanyia kazi. Vya mwisho kabisa viwe vya kujifunzia plaizi, na kila mwenye tamaa ya kunoa anahitaji fungu la kuharibu.

Kioo na msasa

Kabla ya kupinda chochote, laza kioo cha kujitazamia juu ya meza, mgongo chini, na usimamishe kitako juu yake. Tazama kwa usawa wa meza. Kila ncha inayogusa itaonekana kama imekutana na picha yake. Isiyogusa itaacha uwazi mwembamba kati yake na picha. Bonyeza pembe taratibu kwa ncha ya kidole: kitako kikicheza, umepata chanzo cha kuyumba. Ukaguzi huu ni wa sekunde chache na ndio ulio na faida kuliko yote niliyoandika hapa.

Mara nyingi tatizo ni mabaki madogo ya plastiki kwenye ncha. Yapunguze kwa kikata kucha chenye makali, kidogo kidogo, halafu laza msasa laini kabisa, wa namba 600 au zaidi, juu ya kioo hichohicho. Weka kitako juu yake bila kukigandamiza na ukivute kuelekea mbele, upande anaokimbilia mchezaji, ili vijiguu vifuate nyuma. Usikirudishe kinyume. Ukikisukuma kinyumenyume, ncha hukwama kwenye msasa, vijiguu hujikunja visivyo, na kazi ya asubuhi nzima hupotea kwa mkupuo mmoja. Vuta mara mbili tatu, futa unga, rudi kwenye kioo, tazama tena. Lengo ni ncha zote kufika chini kwa pamoja. Ukizidisha, vijiguu vinakuwa vifupi na vigumu, na kitako kinapunguza kasi badala ya kuongeza.

Baada ya hapo pima tena njiani. Vitako vingi vya fungu la kati hupanda fungu la juu kwa kazi hii peke yake, na ukipata hivyo, acha.

Ulalo na maji ya moto

Kijiguu kilichosimama mno hupiga bati na kurusha kitako juu bila kukisogeza sana. Kilicholala mno hakina tena nafasi ya kujikunja, hukokota tu. Katikati yake kuna ulalo ambao kitako hupenda, nao hutofautiana na plastiki, uzito wa sanamu, na mtikisiko wa uwanja wako. Ndiyo maana sikupi nyuzi za pembe. Chukua kitako chako bora kabisa ambacho hukukigusa, kitazame kwa ubavu juu ya kioo, na ulalo wake ndio kipimo chako.

Kupinda plastiki ikiwa baridi hakudumu. Kufikia robo ya pili ya mchezo itakuwa imerudi ilikotoka. Inataka joto. Ondoa sanamu kwanza, rangi yake haipendi maji ya moto. Mimina maji yaliyotoka kuchemka kwenye kikombe kipana, na weka bakuli la maji yenye barafu kando yake. Shika kitako kwa kibano, tumbukiza vijiguu, hesabu taratibu hadi kumi, kisha kitoe na uweke vijiguu katika ulalo unaoutaka kwa kuvigandamiza polepole juu ya kitu bapa. Viswekwe barafuni hivyohivyo, kabla hujaachia. Kama uko Nairobi, au hata Denver, kumbuka kwamba kwa mwinuko ule maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 95, basi ongeza hesabu kidogo. Kiberiti cha gesi kisikaribie hapa. Moto huyeyusha ncha kabla shina halijalainika, na ncha ndiyo uliyotumia muda kuisawazisha.

Badili kidogo, pima, andika. Badili jambo moja kwa wakati mmoja: ukipinda vijiguu na kuongeza uzito siku hiyohiyo, na kasi ikapanda, hutajua umshukuru nani.

Mchezaji anayepinda kulia anasukumwa zaidi na upande wa kushoto, au upande wa kulia unalegalega. Anza na uwezekano wa pili. Kagua ncha za kulia kwenye kioo kabla ya kudhoofisha zile za kushoto, maana kila nguvu unayoiondoa ni kasi unayoitupa.

Mbinu ya mwisho ni kubana. Kwa plaizi yenye mdomo laini usio na meno, shina la kijiguu hubanwa katikati, mbali na ncha, mpaka liwe bapa kidogo. Likiwa jembamba hujikunja kwa urahisi zaidi, na kwa kitako kinachofaa ongezeko la kasi huonekana kwa macho. Mimi huiacha iwe ya mwisho kwa sababu hairudishiki. Bana vijiguu vya kulia na kushoto kwa nguvu ileile, kidogo kuliko unavyodhani inatosha. Kijiguu kilichobanwa mno hulegea kabisa, na mchezaji wake hukaa chini akipiga magoti mbele ya beki wa kwanza.

Uzito, na nani apewe nini

Ligi nyingi za Marekani humpima mchezaji pamoja na kitako chake, na kikomo kinachotajwa sana ni gramu 4. Mizani ya sonara, ile ndogo ya mfukoni, inasaidia. Usidhani kwamba mwepesi ndiye mwenye kasi siku zote. Sanamu nyepesi mno haibonyezi vijiguu vya kutosha, hurukaruka tu. Jaribu kwa udongo wa kuchezea wa watoto: bandika punje juu ya kitako, nyuma, kisha katikati, kisha mbele, na upime kila mara. Udongo hutoka bila kuacha alama, hivyo utajua uzito unatakiwa wapi kabla ya kuamua chochote cha kudumu. Mkimbiaji apimwe akiwa na mpira wake mkononi. Kipande kile cha kitambaa cha sufu kinaonekana si kitu, lakini kimewekwa upande mmoja na juu, na mkimbiaji aliyekwenda sawa bila mpira anaweza kupinda akiupata.

Ukishakuwa na vitako vyenye kasi usivigawe ovyo. Mpokeaji wa pembeni ndiye wa kwanza kupewa, ana nafasi wazi mbele yake. Wa pili ni mlinzi wa nyuma anayemfukuza mpokeaji wa mpinzani. Mkimbiaji mwenye mpira namtaka aende sawa kuliko awe na kasi, kwa sababu anapita kwenye pengo lenye upana wa vitako viwili, na mwenye mbio anayepinda hugonga mgongo wa mwenzake. Watu wa mstari wa mbele wanataka nguvu: vijiguu vigumu, uzito karibu na kikomo, mwendo wa taratibu usioyumba. Timu yenye vitako kumi na kimoja vya kasi hufungwa na timu yenye vitatu vilivyowekwa mahali pake, na hili nalisema hata kwa wale wasiotaka kulisikia.

Soma kanuni kabla ya kucheza na wengine. Kuna ligi zinazoruhusu kupinda na kubana lakini si kukata wala kubandika. Nyingine hutaka vitako kama vilivyotoka kiwandani. Baadhi huangalia upana na urefu wa kitako chenyewe. Kama hakuna ligi, mko wawili tu sebuleni, kubalianeni kabla uwanja haujawashwa, na kila mmoja amwonyeshe mwenzake sehemu ya chini ya vitako vyake.

Vitako vilivyonolewa visihifadhiwe vikiwa vimesimama na sanamu juu yake, maana uzito huo ukikaa wiki nzima huanza kuvilaza vijiguu. Vilaze chali katika kisanduku chenye vyumba, kile cha fundi cha kuwekea skrubu, kila kimoja na namba yake. Usikiache kisanduku hicho ndani ya gari lililoegeshwa juani. Na siku ya mechi, kabla ya kuvipanga, pitisha kila kitako kwenye kioo mara moja.